Suruali ya Mfanyakazi Inalindwa na Nani?

Mtu anapovua nguo zake mahali pa watu wengi huweka rehani vitu viwili kwa wakati mmoja: mfuko wake na heshima yake. Akitoka bafuni akakuta suruali haipo, hasara si bei ya suruali peke yake. Mfukoni mlikuwamo mshahara, kitambulisho, ufunguo wa nyumba, na siku hizi simu. Na juu ya hayo yote yumo yeye mwenyewe, amesimama na taulo kiunoni, asijue atatokaje mlangoni. Ndiyo maana kabati la nguo la kiwandani, la hospitali au la bwawa la kuogelea, ambalo wakubwa wengi hulihesabu kuwa samani ya kununuliwa mwisho kama fedha zikibaki, lastahili kufikiriwa kabla ya msingi wa jengo haujachimbwa.

Wizi huu una umri mkubwa. Katika mji wa Bath, Uingereza, Warumi walijenga mabafu kando ya chemchemi ya maji ya moto, na watu wakaja kuoga kutoka mbali. Wataalamu waliochimbua mahali hapo mwaka 1979 na 1980 walitoa matopeni vibamba vidogo vya madini ya risasi vilivyoandikwa maapizo kwa Sulis, mungu wa kike wa chemchemi ile. Jumla ya vibamba vilivyopatikana hapo ni kama 130, na vingi vyahusu wizi. Vitu vyenyewe vilivyoibwa si vya kifalme: joho, kanzu, glavu. Mtu mmoja aitwaye Docilianus, aliyeibiwa joho lake lenye kofia, alimwomba Sulis amnyime mwizi usingizi na watoto mpaka alirudishe. Tazama, ndugu msomaji, hasira ya mtu aliyerudi nyumbani kwa baridi bila joho!

Warumi haohao walijaribu dawa nyingine. Chumba cha kuvulia nguo kilikuwa na vijishubaka ukutani, na mwenye uwezo alimwacha mtumwa akae hapo alinde. Huko Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, bafu moja lililokuwa nje ya ukuta wa mji lina picha ukutani zenye namba, kila picha juu ya nafasi ya sanduku la nguo. Wapo wataalamu wanaosema kwamba picha hizo zilikuwa za kumsaidia mwogaji akumbuke sanduku lake. Inawezekana, maana ni picha ambazo mtu hazisahau upesi, na ukurasa huu wa familia hauwezi kuzieleza zaidi ya hapo.

Hata hivyo waliolitatua jambo hili kwa makini kuliko wengine wote si waogaji wa starehe. Ni wachimba makaa ya mawe. Wao walivua nguo mara mbili kila siku ya kazi, mamia kwa wakati mmoja, zamu ikitoka na zamu ikiingia, na nguo zao za kazi zilikuwa zimelowa jasho na maji ya mgodini, zimejaa vumbi jeusi. Hapakuwa na nafasi ya kupuuza.

Kabla ya mabafu ya migodini, mchimbaji alirudi nyumbani mweusi kama chungu. Maji yake yalichemshwa na mkewe, yakabebwa na mkewe, yakamiminwa katika beseni mbele ya moto wa jikoni. Kama nyumba ilikuwa na baba na vijana wawili katika zamu tofauti, kazi hiyo ilifanyika mara tatu, na nguo zao zilikaushwa papo hapo karibu na chakula na watoto. Mwaka 1919 Elizabeth Andrews, mke wa mchimbaji kutoka bonde la Rhondda huko Wales, alikwenda London pamoja na wanawake wengine wawili kutoa ushahidi mbele ya Tume ya Sankey iliyokuwa ikichunguza hali ya migodi. Hakuzungumzia bei ya makaa. Alieleza jinsi wanawake wajawazito walivyoumia kwa kunyanyua mapipa ya maji, na jinsi watoto walivyoungua kwa maji yaliyochemshwa kwa ajili ya baba. Alidai bafu lijengwe mgodini. Mwaka uliofuata sheria iliunda mfuko wa ustawi wa wachimbaji kwa kutoza peni moja kwa kila tani ya makaa, na sheria ya mwaka 1926 iliongeza tozo juu ya fedha walizolipwa wenye ardhi, kwa ajili hasa ya mabafu.

Sasa likaja swali la nguo. Mtu akiogea kazini hana budi kuwa na mahali pa kuacha nguo safi anapokuwa chini ya ardhi, na mahali pa kuacha nguo chafu anapokuwa nyumbani. Waingereza walijibu kwa makabati mawili kwa kila mtu, katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na mabafu. Mchimbaji aliyetoka kazini aliingia chumba cha uchafu, akafungia nguo zake za kazi katika kabati lake la huko, akapita uchi na sabuni yake chini ya manyunyu ya maji ya moto, akatokea chumba cha usafi kwenye kabati lake la pili. Hewa ya moto ilipulizwa ndani ya makabati ili nguo zilizolowa ziwe zimekauka kesho yake. Mpango huo wote bado unaonekana Big Pit, katika mji wa Blaenavon, Wales, ambako mabafu yalifunguliwa mwaka 1939. Mgodi wenyewe uliacha kuchimba mwaka 1980, nao ukawa makumbusho mwaka 1983. Mgeni hupita katikati ya safu za makabati ya chuma kana kwamba wenyewe wako chini na zamu haijatoka.

Wajerumani wa bonde la Ruhr walikuwa na njia nyingine, nami nakiri kwamba ndiyo inayonipendeza zaidi. Walijenga ukumbi mrefu kwenda juu kama kanisa, wakafunga darini mamia ya makapi. Katika kila kapi ulipita mnyororo mmoja. Mwisho mmoja wa mnyororo ulikuwa na kulabu kadhaa za kutundikia nguo, pamoja na kikapu au bakuli la viatu na sabuni. Mwisho wa pili ulishuka mpaka kwenye mhimili wenye namba, karibu na kifua cha mtu. Mchimbaji alitundika nguo, akavuta mnyororo mpaka mzigo ukafika juu kabisa, kisha akaufunga mnyororo kwenye namba yake kwa kufuli. Walikuwa na ukumbi mweupe wa nguo za nyumbani na ukumbi mweusi wa nguo za kazi.

Fikiri ni mambo mangapi yametimizwa hapo kwa kapi na kufuli. Sakafu imebaki tupu, ni ya watu na mabenchi. Nguo zimekwenda juu ambako hewa ya joto hupanda yenyewe, hivyo zinakauka. Mwizi hawezi kujificha nyuma ya mlango wa kabati, maana ili aibe hana budi kuvunja kufuli mbele ya kila mtu na kuteremsha mzigo kutoka darini huku mnyororo ukipiga kelele. Wala hakuna kona ya kuficha chupa ya pombe au mabaki ya chakula cha panya. Migodi ile imekwisha: wa mwisho wa makaa magumu Ujerumani, Prosper-Haniel, ulifungwa Desemba 2018, na wa mwisho wa kina kirefu Uingereza, Kellingley, Desemba 2015. Lakini akili iliyomo katika mnyororo ule haihitaji makaa.

Turudi mijini kwetu, ambako tatizo ni chumba kidogo na watu wengi. Kabati la kawaida la mtu mmoja lina upana wa sentimita 30, kina cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 180. Kwa watu 100, makabati peke yake yatakula mita za mraba 13.5 za sakafu, kabla hujahesabu njia ya kupita na benchi la kuvalia viatu. Ukiyagawa kila moja mara mbili kwa urefu, juu mtu na chini mtu, utatumia nusu ya sakafu hiyo, lakini kanzu, gauni au koti refu halitasimama humo. Litakunjwa, litapata ukungu. Mafundi walipata njia ya katikati kwa milango iliyopindwa kama herufi L. Kabati moja lenye upana wa sentimita 40 hivi hugawiwa watu wawili: wa juu ana sehemu pana ya mkoba na nusu nyembamba inayoteremka kwa nguo ndefu, na wa chini ana vivyo hivyo kwa kugeuzwa. Milango miwili hukumbatiana. Kila mmoja anatundika nguo yake wima, na sakafu inayotumika ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba kwa mtu.

Kuhusu usalama, watu hukimbilia kununua kufuli kubwa. Kufuli kubwa juu ya bati jembamba ni mapambo. Mwizi hagusi kufuli. Hukunja kona ya mlango kwa bisibisi na kuingiza mkono. Mlango uwe na kingo zilizokunjwa ndani, bawaba zisionekane kwa nje, na komeo lishike juu, kati na chini. Tumbuu ichomelewe, isifungwe kwa skrubu ambazo mtoto aweza kuzifungua. Kufuli na ufunguo viwe vya mfanyakazi mwenyewe, na ule ufunguo mmoja wa kufungua makabati yote, kama upo, uwe na daftari la kusaini kila unapotolewa. Makabati ya kisasa yanayofunguliwa kwa tarakimu za siri yanafaa kwenye vituo vya usafiri na mabwawa ya kuogelea, ambako mteja ni wa saa moja tu, ila pawepo mtu wa kuitwa betri inapokufa na mwogaji amesimama hapo amelowa.

Je, mwajiri anawajibika kuzuia wizi huo? Sheria ya viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 ilimtaka mwenye kiwanda atoe mahali pa kufaa pa kuwekea nguo zisizovaliwa wakati wa kazi. Mfanyakazi wa kampuni moja ya magazeti aliibiwa nguo zake alizozitundika kwenye kigingi, akashtaki, na mwaka 1949 Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba hatari ya wizi ni jambo la kuzingatiwa katika kuamua kama mahali hapo panafaa. Kigingi ukutani si jibu la kutosha daima. Jirani zetu wa Kenya wana sharti la namna hiyo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

Lakini mimi naliogopa vumbi kuliko mwizi. Mwizi humaliza suruali moja. Fundi anayevunja betri za magari akirudi nyumbani na nguo zilezile, hubeba vumbi la madini ya risasi hadi kwenye mkeka anaotambaa mtoto wake, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo sana. Anayenyunyizia dawa za kuulia wadudu hali yake ni hiyohiyo, na mwenye kushika asbesto ndiye wa kutisha kupita wote. Mapatano ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1986 yanakataza kabisa nguo za kazi ya asbesto kupelekwa nyumbani, na mkewe asizifue. Kwa karakana kama hizo kabati moja, hata liwe imara kama sanduku la benki, ni kosa, kwa kuwa shati la kwenda nalo nyumbani linalala pamoja na ovaroli ya sumu. Yatakiwa makabati mawili na maji katikati, kama walivyofanya wale wa Wales, na mtu asiruhusiwe kurudi nyuma baada ya kuoga.

Karakana isiyo na fedha za makabati 80 kwa watu 40 yaweza kuanza na mnyororo. Mchomeleaji wa mtaani aweza kutengeneza kulabu na mhimili wa namba kwa chuma cha kawaida. Kwa dari la mita tano, kila mtu atahitaji mnyororo wa mita kama tisa, kapi moja na kufuli moja, na chini ya paa la bati nguo zilizolowa asubuhi zitakauka kabla ya jua kuzama. Namba zipigwe kwa patasi, kwa maana rangi hufutika. Wanawake wapewe chumba chao chenye komeo la ndani. Mihimili ya dari ikaguliwe na mtu anayeijua kazi hiyo, kwani nguo za watu 40 zilizolowa si mzigo wa mchezo, na kila mnyororo upimwe kwa uzito ulio mara mbili ya mzigo wake kabla mtu yeyote hajaambiwa asimame chini yake.