Mbwa Ndani ya Jahazi: Jinsi Kichaa cha Mbwa Kinavyovuka Bahari

Msafiri atokaye Mitole, au kijiji kingine chochote cha bara ya Kilwa, na kutaka kufika Kilwa Kisiwani, Songo Mnara au Songosongo, hana budi kuiacha nchi kavu na kupanda chombo. Wengi hupanda vyombo vya abiria. Wengine, hasa watu walio katika mapumziko na wapendao kuyaona magofu ya kale yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hukodi mashua au jahazi zima, pamoja na nahodha na mabaharia wake, kwa muda wa siku kadhaa. Miongoni mwao wamo wanaotaka kwenda na mbwa wao.

Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni dogo. Mbwa hahitaji nafasi kubwa, wala chakula chake si kingi. Hata hivyo, mbwa mmoja aliyevushwa maji anaweza kukiletea kisiwa kizima maradhi ambayo, dalili zake zikishaonekana, karibu hayana tiba. Ili kuelewa sababu yake, yafaa kutazama kwanza jinsi mwili wa mbwa unavyoihimili bahari, kisha jinsi kichaa cha mbwa kinavyosafiri bila kuonekana.

MWILI WA MBWA BAHARINI

Mtu akipata joto hutoka jasho mwili mzima, na jasho hilo linapokauka huupoza mwili. Mbwa hana uwezo huo. Tezi zake za jasho ni chache, nazo zimo zaidi katika nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema: hewa hupita upesi juu ya ulimi na ndani ya njia za pua zilizo na unyevu, maji hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likipanda na kupita nyuzi 41, uhai wake umo hatarini.

Pwani, njia hii ina kasoro mbili. Kwanza, hewa ya bahari imejaa unyevu, na maji hayageuki mvuke kwa urahisi katika hewa ya namna hiyo. Pili, kuhema kunatumia maji mengi ya mwili. Kwa hiyo mbwa aliye juu ya sitaha ya jahazi wakati wa adhuhuri, pasipo kivuli wala maji baridi ya kunywa, anaweza kuzidiwa na joto ingawa upepo unavuma.

Mbwa mwenye kiu huenda akalamba maji ya bahari. Kila lita ya maji hayo ina takriban gramu 35 za chumvi. Chumvi ikiingia mwilini kwa wingi huvuta maji kutoka katika chembe za mwili, na kiu huongezeka badala ya kupungua. Mnyama hutapika, huhara, na pengine hufa. Ndiyo maana pipa la maji ya kunywa la abiria wa jahazi halina budi kuhesabiwa pamoja na haja ya mbwa.

Mbwa hushikwa pia na kichefuchefu cha bahari kama binadamu. Ndani ya sikio mna viungo vidogo vinavyoueleza ubongo jinsi kichwa kinavyoinama na kuzunguka. Majaribio yaliyofanywa zamani yalionyesha kuwa mbwa walioondolewa viungo hivyo hawatapiki hata wakiyumbishwa sana. Hivyo ikathibitika kwamba chanzo cha ugonjwa huo si tumbo bali ni sikio. Njia nyepesi ya kumsaidia mnyama ni kumpa chakula kidogo kabla ya safari na kumweka katikati ya chombo, ambako mpando na mshuko wa mawimbi ni mdogo kuliko omoni au tezini.

Shida hizi zote humpata mbwa mwenyewe, nazo hukoma chombo kitiapo nanga. Kichaa cha mbwa ni tofauti: shida yake huanza baada ya safari kwisha.

UGONJWA UNAOSAFIRI KIMYA

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi viishivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo anapouma, mate huingia jerahani. Virusi havipiti katika damu kama vile vya magonjwa mengi. Huingia katika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Vikishafika ubongoni huzaliana, kisha hushuka tena hadi kwenye tezi za mate. Hapo ndipo mnyama hubadilika tabia, akawa mkali au mzito, akauma bila kuchokozwa, akadondosha mate, akapooza na kufa kwa muda wa siku chache.

Jambo la kuzingatia ni muda. Tangu siku ya kuumwa mpaka siku ya dalili za kwanza, mbwa anaweza kukaa wiki kadhaa, na mara nyingine miezi kadhaa. Muda wote huo anakula, anacheza na kumtii bwana wake. Hakuna nahodha wala daktari awezaye kumtambua kwa kumtazama. Safari ya jahazi kutoka bara hadi kisiwani ni ya saa chache, au ya siku chache ikiwa ni ndefu sana. Kwa hiyo chombo hufika mapema kuliko ugonjwa. Mbwa huteremka ufukweni akiwa mzima machoni pa watu, huku virusi vingali njiani kuelekea ubongoni.

Kwa binadamu maradhi haya huchukua kwa kawaida miezi 2 hadi 3 kujitokeza, ingawa huweza kuchukua wiki moja au hata mwaka. Inakadiriwa kuwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na wengi wakiwa watoto. Takriban wote huambukizwa na mbwa.

FUNZO LA PEMBA

Mwaka 2010 ulianza mpango wa kuchanja mbwa katika kusini mashariki ya Tanzania, Mkoa wa Lindi ukiwemo, pamoja na Kisiwa cha Pemba. Mpango huo uliongozwa na Shirika la Afya Duniani. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, wakishirikiana na wataalamu wa Pemba na wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walifuatilia ugonjwa kisiwani Pemba tangu mwaka 2010 hadi 2020. Waliwatembelea watu walioumwa, wakauliza mbwa alitoka wapi, na mbwa huyo naye aliumwa na nani.

Aidha walisoma mpangilio wa chembe za urithi za virusi. Njia hii yaweza kulinganishwa na kunakili barua kwa mkono. Kila anayenakili hukosea herufi moja au mbili, na anayefuata huyanakili makosa hayo pamoja na yake. Mtu akizilinganisha nakala nyingi, ataweza kujua ipi ilitokana na ipi. Virusi navyo hujinakili na kukosea vivyo hivyo. Makosa hayo ndiyo alama za ukoo.

Uchunguzi ulionyesha kuwa mwaka 2010 palikuwa na minyororo 5 ya maambukizo kisiwani. Baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuchanjwa kila mwaka, minyororo yote 5 ilikatika ilipofika Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje ya kisiwa, mara 2, na ugonjwa ukazuka upya. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa, na mlipuko huo ukazimwa Oktoba 2018.

Pemba haina mpaka wa nchi kavu, wala virusi haviogelei. Kwa hiyo kila uambukizo unaoingia kisiwani kutoka nje hauna budi kuvushwa na mnyama aliyechukuliwa juu ya maji. Bahari ni ukuta mzuri, lakini chombo ni mlango wake.

Mambo ya Pemba si ya pekee. Uingereza ilikuwa imekwisha kukiondoa kichaa cha mbwa mwaka 1902, lakini kilirudi mwaka 1918, pale askari waliotoka vitani walipoingiza mbwa kwa siri. Ikapasa kungoja hadi 1922 kukiondoa tena. Katika kisiwa cha Flores, nchini Indonesia, ugonjwa uliingia mwaka 1997 kwa mbwa 3 walioletwa kwa mashua ya uvuvi. Wenye mamlaka waliamuru mbwa wengi wauawe, lakini ugonjwa haukukoma. Kuua mbwa ovyo hakukati mnyororo, kwa kuwa watu huwaficha mbwa wao au kuleta wengine wasiochanjwa mahali pa waliouawa, na hata waliochanjwa huuawa pamoja nao.

HESABU YA 70 KWA 100

Wataalamu hushauri kwamba mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Kwa nini si 20, wala si 100?

Utafiti uliofanywa Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wastani wa mbwa mmoja na kitu, takriban 1.2. Pasipo chanjo, mbwa wagonjwa 10 huzaa wagonjwa 12, kisha 14, kisha 17, na kuendelea. Ikiwa mbwa 70 katika 100 wana kinga, kila mgonjwa huambukiza 1.2 mara 0.3, yaani 0.36 tu. Wagonjwa 10 huzaa karibu 4, kisha 1, na mnyororo hukatika.

Mwanafunzi mwerevu ataona kwamba, kwa hesabu hiyo, hata mbwa 17 waliochanjwa katika 100 wangetosha kuishusha 1.2 ikafika 1. Jibu limo katika maisha mafupi ya mbwa wa vijijini. Ichukuliwe mfano wa kijiji chenye mbwa 100, ambamo 70 wamechanjwa. Ikiwa katika mwaka mmoja mbwa 40 hufa na watoto 40 wasiochanjwa huzaliwa, mwisho wa mwaka waliochanjwa watakuwa wamebaki 42 tu. Kiwango cha 70 ni akiba inayokiwezesha kijiji kufika salama hadi kampeni ya mwaka unaofuata. Kampeni ikirukwa, akiba hulika, kama ilivyotokea Pemba.

Katika Mikoa ya Lindi na Mtwara kuna jambo jingine la kuzingatia. Huko bweha nao huugua kwa wingi kuliko ilivyozoeleka kwingine nchini. Mbwa anayelinda shamba dhidi ya nguruwe-mwitu na nyani huweza kuumwa na bweha usiku bila mwenyewe kujua. Kisiwa kidogo chenye mbwa wachache ni rahisi kukilinda, kwa sababu mnyororo uingiao hukosa mbwa wa kuurefusha. Bara ndiyo yenye kazi kubwa zaidi.

KABLA YA KUTWEKA TANGA

Chanjo haileti kinga papo hapo. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji wiki kadhaa ili mwili wake utengeneze kingamwili, na nchi nyingi hudai siku 21 zipite kabla ya safari. Kumchanja asubuhi na kumpakia jioni hakumlindi yeyote katika safari hiyo. Tena, mbwa aliyekwisha kuumwa kabla ya chanjo anaweza kuugua baadaye. Ndiyo sababu Uingereza, hadi mwaka 2000, iliwaweka mbwa wageni karantini kwa miezi 6. Njia iliyo salama zaidi ni mbwa kuchanjwa kila mwaka tangu utoto, si kwa ajili ya safari tu, na mwenyewe kuwa na cheti cha chanjo. Afisa mifugo aulizwe mapema kuhusu kibali, kwa kuwa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imeweka masharti juu ya usafirishaji wa wanyama.

Nahodha naye aombwe ridhaa kabla ya bei kupatanwa. Mabaharia wengi wa pwani hii ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo cha kulia kilicholambwa na mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Katika jahazi ambamo watu hula sinia moja na kuswali sitahani, mbwa afungwe mahali pake na awe na bakuli lake. Desturi hii inakubaliana na tahadhari ya afya, kwani mate ndiyo yabebayo virusi. Ufukweni asiachwe kuzurura na kuchanganyika na mbwa wa kisiwa.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, na amalize sindano zote kwa tarehe alizopangiwa. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, alitumia ukweli ule ule unaotumika leo: virusi hupanda polepole, na kinga huweza kuvitangulia ikiwa itaanza mapema.

Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo kwamba, ifikapo mwaka 2030, asife mtu kwa kichaa cha mbwa kinachoambukizwa na mbwa. Shule za sekondari zaweza kusaidia. Wanafunzi wa Mitole au wa Kilwa Masoko wakihesabu mbwa wa mitaa yao, waliochanjwa na wasiochanjwa, watapata namba ya kuilinganisha na 70 kwa 100, na afisa mifugo atapata orodha ya kuanzia kazi. Mbwa wa bara wakiwa na kinga, jahazi litokalo huko halitapeleka ugonjwa kisiwani.