Glavu Zilizoanikwa Kambani

Hivi karibuni tulikwenda na wenzetu wa kikundi cha kutembelea wagonjwa kumwona bibi mmoja aliyepooza, huko upande wa Muleba. Mkamwana wake alitupokea vizuri, na nyumba ilikuwa safi kabisa. Lakini uani, kwenye kamba, katikati ya nguo za watoto, tuliona glavu nne nyeupe za hospitali zimeanikwa. Tulipomwuliza, alijibu kwa uchangamfu, "Bado nzima hizo, mama. Nimezifua mara tatu tu." Kwa glavu hizo alimbadilishia mama mkwe nguo za haja, akazifua kwa sabuni, na jioni akazivaa tena kumenyea ndizi, kwa kuwa utomvu humchafua mikono.

Hatukumcheka. Wauguzi waliotutangulia kazini walitusimulia jinsi walivyokuwa wakiosha glavu za hospitali, kuzipaka poda na kuzitia kwenye mvuke ili zitumike tena, maana hazikutosha. Lakini zile nyepesi zinazouzwa kwenye boksi la mia moja hutengenezwa kwa kazi moja tu. Zikifuliwa na kupigwa jua, mpira wake huchoka na kupata vitundu ambavyo jicho halioni. Mafuta nayo huulegeza mpira upesi. Kwa hiyo mama aliyejipaka mafuta ya mgando, kisha akavaa glavu hizo, anaziharibu kutoka ndani. Mwenye mkono mtupu huwa mwangalifu, lakini mwenye glavu iliyotoboka hujiamini bure.

Kuzivua nako kuna utaratibu, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Shika glavu ya kwanza kwa nje, karibu na kiwiko cha mkono, uivute ili igeuke ndani nje, na uifumbate katika mkono wenye glavu. Kisha ingiza kidole kitupu chini ya ukingo wa ile ya pili, uigeuze ifunike ya kwanza. Uchafu wote unabaki ndani. Zitupe mahali ambapo watoto hawatazichezea (tumewaona wakizipuliza kama maputo!), kisha nawa kwa sabuni.

Kwa kazi za kila siku za nyumbani, mama ni afadhali anunue glavu nene za mpira, zile ndefu zinazofunika kiwiko cha mkono. Hizo ndizo za kufuliwa na kutumika tena. Awe na jozi mbili za rangi tofauti: moja ya vyombo, nyingine ya choo na nguo za mgonjwa, na zisichanganywe kamwe. Ukimaliza kazi ya mgonjwa, zioshe kwa sabuni ukiwa bado umezivaa, kisha ziloweke dakika kumi katika kipimo kimoja cha JIK ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji. Soma kibandiko cha chupa, na usichanganye dawa hiyo na dawa nyingine ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Baadaye zisuuze, uzitundike kivulini. Mara kwa mara zijaze hewa, uzisokote mdomo na kuzizamisha majini. Ukiona mapovu, kazi yake imekwisha.

Wako akina mama ambao mikono huwawasha na kutoka vipele kila wavaapo glavu. Huenda ni mpira wenyewe unaowakataa, basi watafute za vinaili au naitraili. Inashangaza kidogo, maana glavu za upasuaji zilianza kwa ajili ya ngozi ya mwanamke. Katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, muuguzi Caroline Hampton aliungua mikono kwa dawa kali ya kuulia vijidudu. Daktari William Halsted aliagiza atengenezewe glavu nyembamba za mpira. Mwaka huohuo wa 1890 wakaoana.

Mama mjamzito anayeandaa vifaa vya kujifungulia anunue zile za upasuaji, zilizofungwa jozi jozi katika karatasi. Atazame tarehe ya mwisho, na asifungue kuwaonyesha mashoga. Karatasi ikichanika au ikilowa, hazifai tena kwa uzazi.

Sasa tuseme lile linalotuumiza moyo sisi wa Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu, na wengi waliwauguza ndugu zao kwa mikono mitupu. Kisha tarehe 21 Machi 2023 ulitangazwa ugonjwa wa Marburg, Bukoba Vijijini, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Watu tisa waliugua, sita wakafa, mmoja wao mtumishi wa afya. Januari 2025 ukatokea Biharamulo, na wote kumi waliohesabiwa wakafariki. Kwa ugonjwa wa namna hiyo glavu peke yake haitoshi, iwe mpya au nene. Mtu mwenye homa kali ya ghafla, anayetapika, kuharisha au kutoka damu, msimwoge nyumbani, na akifa msimwoshe. Pigeni simu namba 199, bila malipo, au mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji. Twajua ni vigumu kumwacha mzazi wako aguswe na wageni.

Yule bibi wa Muleba hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, shukrani kwa Mungu. Juzi tulipita tena pale. Glavu nene nyekundu zilikuwa zimetundikwa nyuma ya mlango wa choo, na boksi la zile nyepesi juu ya kabati, mbali na watoto. Mkamwana alikuwa jikoni akimenya ndizi kwa mikono mitupu iliyopakwa mafuta ya kula, na bibi akimwelekeza kutoka kitandani kwamba maganda anayaacha mazito mno.