Sayansi ya Sayari: Kutoka Ramani za Mwezi Hadi Magadi ya Bennu

Sayansi ya sayari huchunguza sayari na miezi yake, asteroidi, vimondo na nyotamkia: zilitokeaje, zimeumbwa kwa vitu gani na zinabadilikaje. Vyuoni haikai ndani ya idara moja. Wanajiolojia, wanakemia, wanafizikia na wataalamu wa hali ya hewa hukutana humo, kila mmoja na vipimo vyake. Mfano wa wazi ni Maabara ya Mwezi na Sayari ya Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1960 na Gerard Kuiper, mzaliwa wa Uholanzi. Enzi hizo wanafalaki wengi walishughulikia nyota na galaksi. Waliojitolea kwa sayari walikuwa wachache.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora ramani ya Mwezi. Picha zinazopigwa kutoka duniani huonyesha pembezoni mwa Mwezi pakiwa pamebanwa, kwa kuwa panatazamwa kwa upande. Kundi la Kuiper lilimulika picha hizo juu ya tufe jeupe, kisha likalipiga tufe picha kutoka ubavuni, sehemu iliyobanwa ikakunjuka. Hivyo ndivyo William Hartmann, akiwa bado mwanafunzi, alivyoona duara ndani ya duara ukingoni mwa Mwezi. Lilikuwa Bonde la Orientale, kovu la mgongano mkubwa, ambalo yeye na Kuiper walilieleza mwaka 1962. Utafiti wa migongano, ambao leo hutumika hata kukadiria umri wa nyuso za sayari, unadaiwa mengi na tufe lile.

Tawi jingine la sayansi hii ni jiolojia ya Mirihi. Tangu mwaka 2006 kamera ya HiRISE, inayoongozwa na chuo hicho, imekuwa ikiizunguka sayari hiyo na kuonyesha mawe yenye ukubwa wa meza. Chombo cha Phoenix, kilichoongozwa na chuo hichohicho, kilitua karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi tarehe 25 Mei 2008. Mkono wake ulichimba mfereji mdogo, na chini yake vikaonekana vibonge vyeupe vidogo. Baada ya siku nne baadhi vilikuwa vimetoweka. Chumvi isingetoweka namna ile. Ilikuwa barafu ya maji, iliyogeuka mvuke bila kupitia hali ya umajimaji.

Yapo pia matawi ya angahewa, ya viini vya sayari, na ya sayari zinazozunguka nyota nyingine. Hili la mwisho limekua kwa kasi tangu miaka ya 1990.

Lakini tawi lenye utajiri zaidi ni la mawe yenyewe, yale yanayoweza kushikwa. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya chuo hicho katika Mlima Lemmon ilinasa asteroidi yenye upana wa takriban mita 4. Takriban saa 20 baadaye ililipuka juu ya Jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na mtafiti mwenzake Peter Jenniskens waliwaongoza wanafunzi jangwani. Walitembea wakiwa wamejipanga mstari, macho chini, wakaokota vipande vyeusi juu ya mchanga. Kwa mara ya kwanza asteroidi ilikuwa imeonekana angani kabla ya kuanguka, kisha mawe yake yakapatikana. Bila miguu ya wanafunzi wale, taarifa za darubini zingebaki nusu.

Hata hivyo, jiwe lililoanguka hupigwa na unyevu wa dunia, na chumvi zake huharibika. Ndiyo maana chombo cha OSIRIS-REx, kilichoongozwa na Dante Lauretta wa Arizona, kilikwenda hadi asteroidi Bennu, kikachota sampuli mwaka 2020 na kuileta Utah, Marekani, tarehe 24 Septemba 2023. Zilikuwa gramu 121.6. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2025 na wanasayansi wa taasisi nyingi yalitaja amino asidi 14 kati ya 20 zinazojenga protini za viumbe duniani, pamoja na chumvi zinazobaki maji yakikauka. Mojawapo ni magadi, madini yaleyale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Kwa hiyo asteroidi kubwa ambayo Bennu ilimeguka kutoka kwake iliwahi kuwa na maji ya chumvi ndani yake. Hilo halithibitishi kuwapo kwa kiumbe hai, ila linaonyesha mazingira ambamo kemia ya uhai ingeweza kuanza, nalo ni habari nzito.

Chombo hicho sasa kinaelekea asteroidi Apophis, itakayopita takriban kilomita 32,000 kutoka uso wa dunia tarehe 13 Aprili 2029. Itaonekana kwa macho matupu kutoka sehemu za Afrika na Ulaya, bila hatari ya kuigonga dunia. Watafiti watapima jinsi mvutano wa dunia unavyobadilisha mzunguko wake, na pengine kuutikisa uso wake.