Siku Tatu za Kwanza Mjini Kobe

Tulitoka Nachingwea mke na mume, mtoto tukamwacha Ruangwa kwa bibi yake. Kwetu Kibla ni kaskazini. Kobe, Japani, tuliikuta magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo. Siku mbili tulichelea vyakula vya mitaani, tukatafuna korosho za nyumbani. Siku ya tatu, si mbali na stesheni ya Sannomiya, tuliona minara: msikiti wa kwanza nchini Japani, uliofunguliwa mwaka 1935, ukanusurika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Baada ya Isha tulipiga simu. Ruangwa ilikuwa bado mchana, saa sita nyuma yetu. Mtoto akauliza, "Mko wapi?" Tukajibu, "Msikitini, mwanetu." Alhamdulillahi, usiku ule tulipata usingizi.