Kuchapa Nguo kwa Skrini: Ujuzi wa Chuoni Ufike Kijijini



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: je, tutoe karo ili mwanachama aende chuoni kusomea kuchapa nguo kwa skrini, ama pesa hizo tununue mbuzi? Ni swali zuri, kwa maana karo hiyo inatoka kwa mchango wa kila mtu. Hapa tutaeleza kazi yenyewe ni nini, studio ya chuo hufundisha nini, na mambo ya kupanga kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza tuangalie pesa zetu zinakokwenda. Fulana za kwaya, za michezo ya shule na za harusi, nyingi huchapwa mjini. Tena, tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, wenye maduka wanatafuta mifuko ya aina nyingine, na wengi wanataka iwe na jina la duka. Kazi ipo. Shida ni kwamba faida inabaki kwa mwenye skrini.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Wengi wetu tumeona magunia ya kahawa yaliyoandikwa kwa kutumia bati lililokatwa herufi. Unaweka bati juu ya gunia, unapaka rangi, herufi inatokea. Lakini ukikata herufi O, tumbo lake linadondoka. Ndiyo maana herufi za bati huachiwa vidaraja vya kushikilia katikati.

Skrini inaondoa shida hiyo. Chukua fremu ya mbao, wamba juu yake kitambaa chembamba chenye vitundu vidogo sana. Mahali usipotaka rangi, ziba. Mahali unapoitaka, acha wazi. Weka fremu juu ya fulana, mimina rangi upande mmoja, kisha uivute kwa kipanguzio cha mpira ambacho mafundi hukiita skwiji. Rangi inapita kwenye vitundu vilivyo wazi tu. Tumbo la O halidondoki kwa sababu kitambaa kinalishikilia. Hiyo ndiyo siri yote.

Zamani kitambaa hicho kilikuwa cha hariri. Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipewa hataza ya njia hii mwaka 1907. Siku hizi poliesta imechukua nafasi ya hariri, kwa maana hailegei haraka ikilowa.

KUTOKA CHUONI HADI MTAANI

Ujuzi huu ulishawahi kutoka chuoni ukawafikia watu wa kawaida. Huko Los Angeles, Marekani, mtawa aliyeitwa Sista Corita Kent alifundisha sanaa katika chuo cha Immaculate Heart. Alichapa picha zake kwa skrini, na wanafunzi wakamsaidia. Aliziuza kwa bei nafuu makusudi, ili mtu wa kawaida aweze kununua.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sista Karen Boccalero, Mfransisko. Yeye hakuufungia ujuzi ndani ya kuta za chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na wasanii wachache wenye asili ya Meksiko walianza kuchapa katika gereji mashariki mwa jiji hilo. Kikundi chao kikaitwa Self Help Graphics, yaani cha kujisaidia, kama vyetu. Mwaka 1975 walianzisha studio ndani ya gari, likawa linapeleka mafunzo mashuleni na mitaani. Sista Karen alifariki mwaka 1997, lakini kikundi kingali kinafanya kazi. Tuone basi: hawakungoja jengo kubwa. Walianza na walichokuwa nacho.

STUDIONI HUFUNDISHWA NINI?

1. Kuwamba skrini. Mbao ziwe kavu na zilizonyooka, la sivyo fremu itapinda. Kitambaa huvutwa na kupigwa pini kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Kwa nguo, chagua chenye nyuzi kama 43 kwa kila sentimita. Kwa karatasi, nyuzi 77 au zaidi. Kikilegea, maandishi yatatoka maradufu. Kisha kioshwe kwa sabuni kuondoa mafuta.

2. Kuziba kwa karatasi. Hii ndiyo njia ya kuanzia. Kata mchoro kwenye karatasi, iweke chini ya skrini, vuta rangi. Rangi ya kwanza inaigandisha karatasi kwenye kitambaa. Inatosha kwa fulana chache, halafu karatasi inalowa na kuchanika. Lakini gharama yake ni karibu bure, na mkono unajifunza.

3. Kuziba kwa dawa ya mwanga, ambayo wengi huiita emalsheni. Dawa hupakwa kwenye skrini mahali penye giza, ikakauka hapo hapo gizani. Juu yake unaweka mchoro mweusi tii uliochorwa kwenye karatasi inayopenya mwanga, unaubana kwa kioo, kisha unauanika kwenye taa au jua. Dawa iliyopigwa na mwanga inakuwa ngumu. Iliyofichwa na wino mweusi inabaki laini, na ukiosha kwa maji inatoka. Skrini ya namna hii huchapa mamia ya fulana.

4. Kuchapa. Fulana hutandazwa juu ya meza iliyofunikwa blanketi, ili rangi ishike vizuri. Skrini isigusane kabisa na nguo, iinuliwe kidogo, kama unene wa sarafu mbili. Skwiji huvutwa ikiwa imelala kidogo, kwa nguvu ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo mazoezi yanapotakiwa. Si kazi ya kusoma kitabuni.

5. Rangi mbili au zaidi. Kila rangi ina skrini yake. Alama ndogo za msalaba huwekwa pembeni ili skrini ya pili ikae pale pale ilipokaa ya kwanza. Kikundi kianze na rangi moja mpaka kizoee.

YA CHUONI NA YA KIJIJINI

Chuoni kuna taa maalum, maji ya bomba na mashine ya kukausha. Nyumbani je? Mwanachama anayesoma na amuulize mwalimu mambo haya matatu kabla hajarudi.

La kwanza ni mwanga. Jua linafaa, ila linabadilika, basi lazima ulipime. Chukua skrini ndogo yenye dawa, iwekee mchoro, uifunike kwa kadibodi. Ianike juani huku ukisogeza kadibodi kidogo kila baada ya sekunde 30. Ukiosha, utaona ni sehemu gani imeshika vizuri. Andika muda huo, pamoja na saa na hali ya mawingu.

La pili ni maji. Rangi ya maji ikikauka kwenye vitundu, skrini imekufa. Pasipo bomba, mtungi mkubwa uwe umejaa kabla kazi haijaanza, na mtu mmoja kazi yake iwe kuosha tu.

La tatu ni kukaza rangi. Fulana mpya ya pamba hufuliwa kwanza kuondoa wanga wa kiwandani. Baada ya kuchapwa na kukauka kabisa, hupigwa pasi ya moto kwa upande wa ndani, dakika tatu hadi tano, kulingana na maagizo ya rangi. Pasi ya makaa inafaa, bora majivu yasidondokee nguo. Lakini ile mifuko myepesi inayofanana na kitambaa na kumbe ni plastiki, usiipige pasi! Itayeyuka. Inahitaji rangi ya aina nyingine.

Haraka haraka haina baraka. Fua fulana moja ya majaribio mara tatu kabla ya kumpa mteja zilizobaki. Maandishi yakitoka kwenye beseni la mteja, jina la kikundi limetoka pamoja nayo.

TULINDE AFYA

Nunueni rangi za maji, si zile za kuyeyushwa kwa tina, kwa maana mvuke wa tina ndani ya chumba kilichofungwa huumiza kichwa na mapafu. Dawa nyingine za mwanga za kizamani zina kemikali ya rangi ya chungwa iitwayo daikrometi, ambayo inachoma ngozi na inaweza kuleta saratani. Muulizeni muuzaji, na kama imo, iacheni. Vaeni glavu, fungueni madirisha, watoto wasikaribie. Maji machafu yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni.

TUPIGE HESABU

Wacha tuseme mmepata oda ya fulana 50. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni za kwenu.

Fulana 50 kwa shilingi 250: 12,500
Fulana 2 za akiba, zikiharibika: 500
Rangi na makaa: 1,000
Kibarua, watu 3 kwa shilingi 500: 1,500
Akiba ya skrini mpya: 500
Jumla: 16,000

Gawanya kwa 50, kila fulana imewagharimu shilingi 320. Mkiuza kwa 400 mtapata 20,000, na faida ni 4,000. Vikundi vingi husahau kuhesabu kibarua na zile zilizoharibika, halafu hushangaa pesa zimeenda wapi. Pia, mteja atoe angalau nusu kabla ya kazi. Fulana yenye jina la harusi ya mtu haiuziki kwa mwingine.

NANI AENDE KUSOMA?

Tumeona mara nyingi kikundi kinamsomesha kijana mmoja mwerevu. Anamaliza, anapata kazi mjini, na ujuzi unaenda naye. Hatumlaumu, kila mtu anatafuta riziki. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Tunashauri hivi: pelekeni wawili, mmoja wao awe mama au baba mwenye makao yake hapo hapo. Andikeni mapatano kabla ya kulipa karo, kwamba kila mmoja atawafundisha wengine watatu. Na kila jambo linaloandikwa kwenye daftari chuoni linakiliwa kwenye daftari la kikundi.

Ulizieni pia kituo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nanyi, zile zilizoitwa polytechnic za kijiji. Sasa viko chini ya serikali za kaunti. Kama hakina somo hili, ombeni chuo chenye studio ya sanaa kiwapokee kwa wiki chache wakati wa likizo. Kabla ya kulipa, nendeni mkaone kwa macho. Kama wanafunzi wanatazama tu huku mwalimu akichapa, tafuteni kwingine. Huu ni ujuzi wa mikono.

Na mbuzi je? Kama hakuna shule, kanisa wala duka karibu litakaloleta oda angalau kila mwezi, nunueni mbuzi bila aibu. Skrini isiyo na wateja ni mbao tu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mwaka uliopita, ni fulana na mifuko mingapi iliyochapwa mjini kwa ajili ya watu wa eneo letu? Nani alilipa, na kiasi gani?
2. Maji, kivuli na chumba cha giza tutavipata wapi?
3. Ni wanachama gani wawili tunaowaamini kurudi na kufundisha?
4. Rangi na fulana zitatunzwa na nani, na daftari litakaguliwa siku gani?

Jadilianeni bila haraka, na waliokaa kimya nao waulizwe. Tunawatakia kazi njema.