Mtoto Asiyetulia Si Mchawi



Katika mitaa yetu ya Lubumbashi, tangu Kamalondo hata Ruashi, hakosekani mtoto asiyeweza kukaa kitini, asahauye daftari kila siku, ajibuye kabla swali halijaisha. Nyumbani huitwa mkaidi, shuleni hupigwa, na pengine, msiba ukiingia katika jamaa, huitwa mchawi na kufukuzwa.

Kumbe, labda mtoto huyo ahitaji matibabu. Mwaka 1902, huko London, daktari George Still aliwaeleza wenzake habari za watoto wenye akili nzima, lakini wasioweza kujizuia. Leo hali hii inajulikana vema, na madaktari wasemao Kifaransa huiita TDAH. Haitoki kwa pepo. Ubongo wa mtoto umekua kwa namna nyingine, na mara nyingi katika ukoo huohuo yumo mwingine kama yeye.

Muuguzi ataitambuaje? Si kwa kumtazama siku moja. Aulize mambo matatu: Je, dalili zilianza kabla ya miaka 12? Zimedumu miezi 6 au zaidi? Zaonekana nyumbani na shuleni pia? Kisha apime macho na masikio, aulize habari za usingizi, njaa, kifafa, na malaria kali ya zamani, maana hayo nayo humfanya mtoto asisikilize. Wala asiwasahau wasichana: wengi hawarukiruki, bali huketi kimya, mawazo yakienda mbali.

Akiziona dalili hizo, ampeleke kwa daktari. Hapa mjini, Mabruda wa Mapendo wana kituo cha Joseph Guislain, kinachotunza wagonjwa wa akili.

Nanyi wazazi, mpeni mtoto agizo moja kwa wakati mmoja, tena fupi. Saa za kula na kulala zisibadilike. Akifanya vema, msifuni papo hapo. Mwalimu naye amketishe mbele, na akichoka kukaa, amtume kufuta ubao.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 humwadhibu amshtakiye mtoto uchawi. Lakini Mkristo asingoje hakimu. Mtoto huyu ni amana ya Mungu mikononi mwetu. Basi, kabla ya kushika fimbo, mshike mkono, mwende pamoja kwenye kituo cha afya.