Mafundi Nyuma ya Kicheko cha Lucy

Mkanda wa kiwandani unaanza kwenda taratibu. Lucy na Ethel, wamevaa kofia nyeupe za kazi, wanafunga chokoleti mojamoja kwenye karatasi. Msimamizi ameshawaonya: ikipita hata moja bila kufungwa, kazi hawana. Mara mkanda unaongeza kasi. Wanaanza kuzificha kofiani, kifuani, na nyingine wanajisukumia mdomoni mpaka mashavu yanatuna. Sehemu hiyo ya kipindi cha televisheni cha I Love Lucy ilirushwa Marekani Septemba 1952, na leo hata mtoto asiyejua neno la Kiingereza akiwekewa atacheka.

Sifa zote humwendea Lucille Ball, aliyemwigiza Lucy, na kwa kweli anastahili. Macho yale, midomo ile, mwili uliokubali kuangushwa, kulowanishwa na kupakwa kila aina ya uchafu, vilikuwa vyake mwenyewe. Ila ninaamini tunamdhulumu yeye na wenzake tunapomsimulia kama kipaji kilichodondoka kutoka mbinguni. Kicheko kile kilifanyiwa kazi, na waliokifanyia kazi wanajulikana kwa majina.

Anza na Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr., waliokuwa wakimwandikia Lucille tangu enzi za redio, katika kipindi cha My Favorite Husband kilichoanza kwenye kituo cha CBS mwaka 1948. Bosi wao alikuwa Jess Oppenheimer, mwandishi mkuu aliyekuja kuwa mtayarishaji wa kipindi cha televisheni. Kwenye hati zao, mizaha ya mwili iliandikwa hatua kwa hatua: ashike nini, ageuke wapi, ateleze lini. Kabla ya kumpelekea Lucille jambo la hatari, Pugh alilijaribu yeye kwanza, maana alitaka kujua kama mwanamke anaweza kulifanya bila kuumia. Alipopanda baiskeli ya gurudumu moja akaishia ukutani, wazo hilo likafutwa. Hebu fikiria, miaka ile ya 1950 ambapo vyumba vya waandishi wa vichekesho vilijaa wanaume pekee, mwanamke huyu anapanda baiskeli ofisini ili mwenzake asije akavunjika mguu mbele ya kamera.

Mume wa Lucille, Desi Arnaz, ndiye hasa anayesahaulika. Alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1917, na baba yake aliwahi kuwa meya wa mji huo. Mapinduzi ya 1933 yaliinyang'anya familia mali zake, kijana akakimbilia Marekani na kujitafutia riziki kwa ngoma na gitaa. CBS walipotaka kuuhamishia mchezo wa redio kwenye televisheni, Lucille alisisitiza kwamba mumewe wa kweli ndiye awe mume wa kwenye kioo. Wakubwa walisita, wakihofu kwamba watazamaji hawatamkubali mke Mmarekani aliyeolewa na Mkuba mwenye lafudhi nzito. Mwaka 1950 mke na mume wakazunguka majukwaani na onyesho lao, watu wakashangilia, na hoja ya wakubwa ikaishiwa nguvu.

Ukaja ubishi mwingine, wa kiufundi, ambao ninauona mzito kuliko wote. Wakati huo vipindi vikubwa vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Sehemu nyingine za nchi zilipelekewa nakala iliyopatikana kwa kuielekezea kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, na picha ilitoka imefifia. Lucille na Desi walitaka kubaki California. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, naye hakuwa tayari kuwapa watazamaji wa mashariki picha mbovu. Desi akapendekeza warekodi kwenye filamu ya milimita 35, kama sinema, lakini mbele ya watazamaji walioketi, kwa kuwa Lucille alichangamka zaidi akisikia watu wanacheka. Gharama ilikuwa kubwa. Yeye na mkewe wakakubali kukatwa dola 1,000 za malipo yao kwa wiki, kwa sharti kwamba filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. CBS wakaridhia. Nani alijua kwamba kipindi kilichokwisha kuonyeshwa kingekuja kuwa na thamani? Miaka michache baadaye CBS walizinunua filamu hizo kwa mamilioni ya dola.

Kusema tutarekodi ni rahisi. Nani ataweza kupiga picha kwa kamera tatu kwa pamoja, zikitembea, mbele ya watu 300, bila kusimama kila dakika kupanga taa upya? Desi akamfuata Karl Freund. Huyu ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera ya Metropolis kule Ujerumani na Dracula ya 1931 kule Hollywood, tena alikuwa na tuzo ya Oscar kwa The Good Earth. Fedha hazikumsumbua, kwani alikuwa na kampuni yake ya vifaa vya kupimia mwanga. Mwanzoni alisema jambo hilo haliwezekani. Kila kamera inahitaji mwanga wake: ile ya mbali inataka hivi, ile ya usoni inataka vile. Nadhani ni huko kutowezekana kulikomvuta.

Alichofanya Freund kilikuwa kuziondoa taa sakafuni. Alizitundika juu, akatandaza mwanga sawasawa eneo lote, mwigizaji aende atakako asikutwe na kivuli kibaya. Sakafu ikabaki wazi kwa vigari vya kamera, kila kimoja na mtu wa kukisukuma. Kamera ya kati ilichukua picha pana, zile za pembeni zikachukua nyuso. Kazi ikaishia kwa mhariri Dann Cahn, ambaye alikuwa na mashine ya kuonyesha mikanda mitatu ya picha kwa wakati mmoja pamoja na wa sauti. Wenyewe waliibatiza jina la zimwi. Tazama tamthilia yoyote ya vichekesho iliyorekodiwa mbele ya hadhira, utaona mpangilio ule ule. Kamera zaidi ya moja zilikuwa zimejaribiwa kabla yao, lakini wao ndio waliozifanya kuwa desturi.

Mwongozaji wa msimu wa kwanza, Marc Daniels, aliyezoea jukwaa la maigizo, ndiye aliyewapeleka Desi na Oppenheimer huko La Jolla kumwona Vivian Vance akiigiza. Wakamchukua awe Ethel. Mumewe kwenye mchezo, Fred, akawa William Frawley, mkongwe aliyemzidi miaka 22. Vance hakupenda kuonekana mke wa mzee kiasi hicho, Frawley akayasikia maneno hayo, na tangu hapo hawakupatana. Frawley pia alikuwa na sifa ya ulevi, na Desi alimwambia waziwazi kwamba akiharibu kazi ataondolewa. Hakuharibu. Kamera zikiwaka, wale wawili walijibizana kama watu waliolala kitanda kimoja miaka 30, na Vance akatwaa tuzo ya Emmy. Ustadi wa aina hii mimi nauheshimu kupita kiasi: chuki inaachwa mlangoni, na mwenzako anapewa neno lake kwa wakati wake barabara ili yeye ndiye achekwe.

Lucille aliposhika mimba tena mwaka 1952, CBS na mdhamini walitaka tumbo lifichwe nyuma ya viti na meza. Desi akamwandikia mkuu wa Philip Morris, na ruhusa ikatoka. Kasisi, mchungaji na rabi wakapewa hati wazisome kama kuna la kuudhi. Tarehe 19 Januari 1953 mtoto wa kwenye mchezo alizaliwa, na siku hiyo hiyo Lucille akajifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Watu wapatao milioni 44 walitazama. Na kwa kuwa filamu zilikuwepo kabatini, vipindi vya zamani vilirushwa tena mama akiwa kwenye uzazi. Marudio, yanayojaza vituo vyetu vyote siku hizi, yalipata nguvu pale.

Ndoa ya Lucille na Desi ilivunjika mwaka 1960. Miaka miwili baadaye Lucille akanunua hisa za mumewe na kuiongoza Desilu mwenyewe. Ni chini yake studio hiyo ilipotoa Star Trek, ambayo wengi ndani ya kampuni yake waliiona ni hasara tupu. Pugh na Carroll waliendelea kumwandikia. Mwaka 1986, Lucille akiwa na miaka 75, walikuwa naye katika Life with Lucy, kipindi kilichofutwa baada ya kuonyeshwa mara 8 tu. Wahakiki walikichapa bila huruma. Wawili hao walikuwa wameanza naye kazi mwaka 1948, na hata hapo mwishoni waliandika mizaha ya mwili kwa mwanamke wa miaka 75 aliyetaka bado kuifanya mwenyewe.